Walio Chini ya Bwawa Wanauliza

Palikuwa na nchi moja, jina lake tuliache, kwa kuwa walio ndani wanalijua na walio nje hawajaliulizia. Ilikuwa nchi yenye serikali sikivu. Ilikuwa na Waziri wa Maji na Shukrani, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa maji na kazi yake ya pili kupokea shukrani. Kwa kuwa binadamu hana mikono minne, alianza na hiyo ya pili.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Siwema binti Nyamizi, pamoja na mwanawe wa pekee, Kalunde, msichana ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kung'oka. Mahali walipokaa paliitwa Makazi ya Muda. Muda huo ulianza kabla Kalunde hajazaliwa, na kila mwaka alikuja ofisa kuukagua, akaukuta unaendelea vizuri.

Siwema hakuzaliwa hapo. Alizaliwa Bondeni, kwenye mto, katika nyumba ambayo ukitoka mlango wa nyuma ulikutana na shamba la mpunga na ukitoka mlango wa mbele ulikutana na makaburi ya ukoo. Watu wa Bonde walipenda wafu wao wakae karibu. Waliona ni jambo la akili. Mama yake Siwema, bibi Nyamizi, alikuwa wa mwisho kuzikwa pale, masika yale yale ambayo serikali ilikuja na kamba za kupimia.

Serikali ilitaka bwawa, ili Mji Mkuu upate maji. Watu wa Bonde wakauliza, "Na makaburi yetu?"

"Yatahamishwa," ilijibu serikali, na haikusema uongo. Siku ya Jumatatu lilitoka tangazo kwamba kuanzia hapo makaburi yote ya Bonde yatahesabiwa kuwa yako kilimani.

"Na mifupa?" waliuliza watu.

Ofisa aliyelisoma tangazo aliwaeleza kwa upole. Mifupa, alisema, ni suala la utekelezaji, na tangazo ni suala la sheria. Katika nchi ya sheria, sheria hutangulia, utekelezaji hufuata. Watu wakapakiwa kwenye malori. Maji yakapanda. Siwema, amekaa juu ya magodoro, alitazama nyuma mpaka ncha ya msalaba wa mama yake ikabaki kama kijiti cha mvuvi, kisha haikuonekana tena.

*

Lazima nieleze desturi moja ya watu hawa, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Watu wa Bonde hawakuamkiana kwa "Hujambo". Waliulizana, "Mmekunywa?" Uliyeulizwa ulijibu, "Tumekunywa," na hapo ndipo mwenzako alipokaa chini. Kabla ya kujibiwa hakukaa. Ungeweza kumwekea kiti na kumtandikia mkeka, angebaki amesimama wima mlangoni pako mpaka miguu ivimbe. Wazee walisema ilianzia mwaka fulani mto ulipokauka, mwenye kisima alipoona aibu kuketi kabla hajajua majirani wameshinda vipi. Na jibu lilipaswa litoke kwa mtu wako wa damu. Jibu la mgeni lilikuwa adabu tu. Halikumkalisha mtu.

Desturi hiyo waliihamishia Makazi ya Muda, ikawapa taabu, kwa sababu huko hapakuwa na maji. Ilibidi wajibu "Tumekunywa" kwa aibu, wakiangalia pembeni, ili wenzao wapumzike.

Nikisema hapakuwa na maji nakosea. Maji yalikuwapo, yalipita juu. Bomba kuu la kutoka bwawani kwenda Mji Mkuu lilikatiza katikati ya kambi, limelala juu ya nguzo fupi za zege, nene kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Watoto walilikumbatia wakati wa jua kali ili wapoe. Lakini halikuwa na koki. Wataalamu walikwisha kuwaeleza kwamba hilo lilikuwa bomba la kupita, si bomba la kushuka, na kwamba mtu asiyesoma huona ni bomba moja.

Watu walikunywa kijito. Vyoo vya kambi vilikuwa upande wa juu wa kijito hicho, kwa kuwa vilijengwa na idara nyingine, na idara hiyo ilitaka vionekane kutoka barabarani. Vilionekana vizuri sana. Mvua iliponyesha vilishuka mpaka kwenye ndoo.

Wasidhani wasomaji kwamba serikali ilikaa tu. Ilileta mabango ya KUNAWA MIKONO NI UUNGWANA. Ilileta na mwalimu wa usafi, kijana nadhifu, mwenye beseni na birika tupu.

"Sasa tunafungulia maji," alisema, akainamisha birika. "Tunasugua. Vidole. Kucha. Sasa tunasuuza."

Kambi nzima ikasugua na kusuuza hewa.

"Na maji yenyewe?" aliuliza Siwema.

"Mama, usiruke hatua. Maji ni somo la pili."

*

Mwaka ule Kalunde alianza kuharisha. Siwema hakuwa mtu wa kulia. Alikwenda kwenye kliniki ya turubai, akapewa pakiti za unga wa chumvi na sukari, juu yake pameandikwa: *Changanya na maji safi na salama.* Aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama kando ya kijito, akacheka pumzi moja, akaenda kutafuta kuni za kuchemshia. Kuni za karibu zilikuwa zimeisha siku nyingi. Aling'oa mguu wa kitanda.

Ilikuwa katika siku hizo wanawake walipoanza kusikia kitu ndani ya bomba.

Mama Holo, jirani yake, mwanamke mpana mwenye mdomo usio na breki, ndiye aliyekuja kumwita mchana mmoja. "Siwema, mwenzangu, njoo. Usiniulize. Weka sikio hapa."

Siwema aliweka sikio kwenye chuma. Kwanza alisikia maji yanavyokimbia. Kisha, ndani ya maji, alisikia watu. Walikuwa wengi, wanaongea chinichini kama wanavyoongea waombolezaji wanaotembea kwenda msibani mbali, na walikuwa wanapita, wanapita, kwenda mjini. Mama Holo alikuwa amemtambua kaka yake kwa kikohozi. Siwema alikuwa karibu kuondoa sikio aliposikia sauti anayoijua ikija kutoka mbali, ikifika, ikiwa sawa na shavu lake.

"Siwema yuko wapi? Mmekunywa?"

"Mama!" Aliokota jiwe akaligonga bomba. "Mama, niko hapa! Hapa chini!"

Lakini chuma kilikuwa kinene, na sauti ilikuwa na haraka. Ilipita ikiuliza, ikadidimia upande wa Mji Mkuu. Mlinzi wa bomba akaja mbio na rungu, akamwambia kwamba kugonga mali ya umma ni kosa na kuzungumza nayo ni kosa kubwa zaidi.

*

Huko Mji Mkuu mambo yalianzia pahali pa juu, kama inavyostahili. Mke wa Mtukufu Kiongozi alikuwa anaoga mara ya pili asubuhi hiyo, kwa sababu ya joto, na alipofungulia bomba sauti ya bibi kizee ikamuuliza, "Mmekunywa?"

Akainua kichwa, povu limemjaa masikioni.

"Wewe unayeoga," iliendelea sauti, bila ukali, "mtoto wa nani?"

Alitoka mbio na taulo.

Kabla ya jioni mabomba yote ya mji yalikuwa yanauliza. Kinyozi akisafisha mashine yake, aliulizwa. Daktari akinawa kabla ya kupasua tumbo, aliulizwa. Mwanamke akiosha dagaa aliulizwa mpaka akawaomba radhi dagaa. Sauti hazikutisha kwa maneno. Zilitisha kwa subira. Ziliuliza, zikangoja, zikauliza tena, na ukifunga bomba ulibaki unahisi kwamba upande wa pili kuna mtu bado amesimama.

Wizara ya Maji na Shukrani haikubabaika. Siku ya kwanza ilisema ni upepo. Siku ya pili ilipima, ikatangaza kwamba sauti zilizomo kwenye maji ziko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani. Kisha ikaunda Idara ya Utulivu wa Mabomba, ikamteua Bwana Msabaha kuiongoza, mtu mwembamba ambaye hakuwahi kusema neno "hapana" tangu aajiriwe wala kufanya lolote baada ya kusema "ndiyo".

Bwana Msabaha alimleta mtangazaji wa redio mwenye sauti nzito kuliko zote nchini. Mtangazaji akainamia sinki, akasema kwa sauti ya taarifa ya habari, "Ndugu marehemu, popote mlipo, tumekunywa."

"Marehemu ni nani hapa?" liliuliza sinki. "Na wewe mtoto wa nani?"

"Mimi ni mtangazaji mwandamizi."

"Huyo hatumjui. Siwema binti Nyamizi yuko wapi?"

Wakamleta mkurugenzi. Wakamleta kasisi na shehe. Wakamleta profesa wa mila, ambaye aliulizwa jina la bibi yake na akashindwa kulikumbuka, akalia. Mtukufu Kiongozi alikuwa ameanza kuoga maji ya chupa na hasira zake zilikuwa zimefika kwenye baraza la mawaziri. Ndipo mtu mmoja, mtu mdogo asiye na cheo cha kupoteza, akapendekeza kwamba Siwema binti Nyamizi atafutwe.

*

Gari la Bwana Msabaha lilifika Makazi ya Muda likiwa jeupe, likapaki mbali na watu ili libaki jeupe. Alimkuta Siwema amempakata Kalunde. Mtoto macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mkono wake ukiivuta ilikawia kurudi.

"Mama, serikali inakuhitaji," alisema Bwana Msabaha.

"Hata mimi nilikuwa naihitaji," alisema Siwema. "Ilikuwa wapi?"

"Ni jambo la heshima. Utaletewa bomba hapa kambini. Koki yako mwenyewe! Unachotakiwa ni kwenda mjini ukaseme neno moja."

"Neno gani?"

"Tumekunywa."

Mama Holo aliangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Jamani! Hata mate hatuna!"

"Lakini hatujanywa," alisema Siwema.

"Mama, usilichukulie neno kwa maana yake. Lichukulie kiserikali."

Siwema alimtazama, kisha akalitazama gari. Kwenye kiti cha nyuma aliona maboksi ya maji ya chupa yamepangwa mpaka dirishani. Bwana Msabaha naye hakuwa anaoga ya bomba siku hizo.

"Twende na mtoto. Mjini kuna hospitali."

"Kibali cha kuingia mjini ni cha mtu mmoja, na kimetolewa kwa mtu mzima. Ningependa sana, lakini..."

"Basi yale maji yashuke."

"Yale ni ya ofisi, mama."

"Nimekuelewa. Na mimi ni wa hapa. Kaseme wewe hilo neno."

Maboksi yalishuka. Bwana Msabaha aliyatazama yakipita kama mtu anayetazama jeneza la ndugu. Siwema alipasua pakiti ya unga, akakoroga kwenye chupa, akamnywesha Kalunde kijiko cha kwanza mwenyewe, akampa Mama Holo kijiko.

"Kidogokidogo, usimpe kwa pupa. Akitapika, ngoja, kisha umpe tena. Na wewe usinipigie soga ukasahau."

"Nenda, mwanamke," alisema Mama Holo, ambaye safari hii hakucheka. "Nenda ukamsikie mama yako."

*

Kikao kilifanyika bafuni Ikulu, kwa kuwa huko ndiko sauti zilikosikika kwa hadhi zaidi. Viti vya kukunja vilipangwa kwa itifaki kutoka kwenye bomba mpaka mlangoni. Kwaya ya Wizara ilikaa kwenye korido. Waziri wa Maji na Shukrani, mtu mnene mwenye nywele zilizotiwa weusi, hakupata kiti kwa sababu wakubwa walizidi, akakaa kwenye ukingo wa sinki la kuogea huku amelishika joho lake lisilowe. Siwema alisimamishwa katikati, ndani ya sinki lenyewe, peku, amevaa kanga aliyokuja nayo.

"Mtukufu Kiongozi," alianza Waziri, "ndugu zangu mlioko juu, na ndugu zangu mlioko chini. Maji ni uhai. Uhai ni shukrani. Kwa hiyo, kwa hesabu rahisi, maji ni shukrani. Serikali yetu haijawahi kumsahau raia hata mmoja, awe hai au awe vinginevyo..."

Alihutubia mpaka kwaya ikasinzia. Kisha akamwashiria Siwema, na Siwema akafungulia bomba.

Maji yalimwagika juu ya miguu yake. Yalikuwa baridi, baridi ya mahali pasipofika jua. Na harufu ilimjia kabla ya sauti. Ilikuwa harufu ya udongo wa nyuma ya nyumba yao, udongo wa mpunga.

"Mama," alisema.

Maji yakatulia kidogo, kama mtu anayegeuza kichwa.

"Siwema? Umekonda sauti, mwanangu."

"Ni mimi, mama."

"Nimekutafuta. Nimeingia majumba ambayo sijui yana watu gani. Wanaoga, wanaoga, hawasalimii." Sauti ikajikusanya, kama ilivyokuwa ikifanya zamani kizingitini. "Mmekunywa?"

Bafu zima likamgeukia Siwema. Bwana Msabaha alikuwa anatikisa midomo, akimkumbusha neno.

Siwema alijua vizuri uzito wake. Angesema tumekunywa, mama yake angekaa chini, kisha angelala, na wote walio nyuma yake wangelala, na katika mji huo asingebaki mtu mmoja wa kuwauliza wakubwa hawa chochote. Kisha akamfikiria Kalunde, na macho yale yaliyozama.

"Bado, mama," alisema.

"Amekosea!" alipayuka Waziri. "Amekosea, lifutwe hilo!"

"Hatujanywa tangu mlipobaki," Siwema aliendelea, akiongea haraka sasa, kama mtoto anayeshtaki kwa mkubwa wake. "Tunakunywa kijito kinachotoka vyooni. Bomba lenu linapita juu yetu. Kalunde anaharisha."

"Kalunde ni nani?"

"Mjukuu wako. Hukumkuta."

Maji yalizidi kasi. Kisha, nyuma ya sauti ya bibi Nyamizi, mbali na chini, ukasikika mshindo laini, kama wa watu wengi waliosimama wanaopiga hatua moja mbele kwa pamoja.

Mtukufu Kiongozi alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, kwa itifaki.

*

Tangu saa ile mabomba ya Mji Mkuu hayakuuliza tena "Mmekunywa?" Yaliuliza, "Kalunde amekunywa?"

Yaliuliza benki. Yaliuliza kwenye majiko ya shule na kwenye vyoo vya stendi. Supu iliuliza ikiwa jikoni. Vichanga vilivyoogeshwa vilijifunza jina hilo kabla ya majina ya mama zao. Mama lishe mmoja, aliyekuwa hajui Bonde liko wapi, alitoka barabarani na sufuria yake akapiga kelele, "Jamani, huyo Kalunde ni mtoto wa nani? Si apewe maji tupumzike!" Watu waliokuwa wanapita wakaitikia, na hilo serikali, ambayo kama nilivyosema ni sikivu, ililisikia.

Wataalamu waliokuwa wamethibitisha kwamba bomba la kupita haliwezi kushuka waligundua kwamba linaweza. Walifika kambini asubuhi na kiungio, koki na mafundi, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamemaliza. Kazi yenyewe haikufika nusu ya muda walioutumia kufunga turubai la wageni.

Siwema alirudishwa na gari lile lile. Aliruka kabla halijasimama vizuri. Mama Holo alikuwa amekaa mlangoni, mtoto mgongoni.

"Yu hai," alisema Mama Holo kabla hajaulizwa. "Usinitolee macho. Jana alinitukana. Nimefurahi kama nimepata zawadi."

Siwema alimshusha mtoto, akamvuta ngozi ya mkono. Ilirudi. Alimfunga yeye mwenyewe mgongoni, akakaza kanga mara mbili, akaenda kwenye koki.

Waziri alikwisha kukata utepe na kupokea shukrani kutoka kwa watoto waliofundishwa wimbo. "Maji ni uhai," alikuwa anasema, "na uhai..." Siwema alipita mbele yake, akafungulia. Maji yakaja meupe, kwa nguvu. Akamkingia Kalunde kwenye kikombe, mtoto akanywa, akashusha pumzi, akanywa tena mpaka kitovu kikatoka. Siwema akanywa. Mama Holo akanywa, akajimwagia kichwani, akapiga kigelegele. Wanawake wakaja na ndoo. Wazee wakaja na makopo. Walikunywa wote mbele ya macho ya serikali, na walikunywa taratibu, maana kila mmoja alisikia kwenye kikombe chake mtu anayemjua akihema karibu.

"Sasa, mama," alisema Waziri, akifuta jasho, "mmekunywa. Kila mtu ameona. Mjibu mzazi wako."

Siwema aliinama kunawa uso. Akiwa ameinama, nyuma ya turubai, alimsikia Bwana Msabaha akimwambia fundi, "Hicho kiungio usikikaze sana. Wakishakaa chini wale, kesho tunakuja kukifungua. Kinahitajika kwenye bustani ya Ikulu."

"Na hawa?" fundi aliuliza.

"Hawa watakuwa wamekwisha kunywa."

Siwema alibaki ameinama. Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni. Ndani ya koki mama yake alikuwa amefika, na safari hii hapakuwa na chuma kinene kati yao, palikuwa na upana wa kiganja tu.

"Siwema. Huyo ndiye Kalunde? Nimemgusa midomo. Ana midomo ya babu yako." Sauti ilikuwa na furaha, na ilikuwa imechoka. "Nambie nikakae. Mmekunywa?"

Koo la Siwema bado lilikuwa la baridi.

"Bado, mama," alisema.

Kambi nzima ilimtazama. Mama Holo, kikombe mkononi, alimsogelea, akautazama ule uso.

"Lakini mmekunywa!" alisema Waziri. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa anasema kweli, na alionekana kuumia kwamba haikumsaidia. "Nimeona kwa macho yangu! Mama, huo ni uongo! Unamdanganya marehemu!"

"Huyu mama ni wangu, Mheshimiwa," alisema Siwema. "La kumjibu nalijua."

Waziri akawageukia wengine. "Nani mwingine ana mtu huko? Wewe, mama mnene! Jibu!"

Mama Holo aliweka kikombe chini polepole, akainamia koki. "Kaka," aliita. "Bado." Akajipangusa midomo kwa upande wa kanga.

Wakafuata mmoja mmoja, na ndoo zao zimejaa.

*

Kiungio kilikazwa. Fundi alirudi na spana kubwa akakikaza, Bwana Msabaha mwenyewe akisimamia, kisha pakawekwa mlinzi ili asithubutu mtu kukilegeza. Koki ya pili ililetwa, na ya tatu. Siwema alimwambia mama yake mara moja tu, kwa sauti ya kusikika, kwamba hawajanywa sawasawa kwa sababu vyoo vimekaa juu ya kijito, na mwezi huo huo vyoo vilihamishiwa upande wa chini, ambako havionekani kutoka barabarani. Idara ya Utulivu wa Mabomba iliongezewa watumishi. Huko mjini watu walizoea kuoga haraka.

Watoto wa kambi walinenepa. Kliniki ya turubai ilianza kukaa na siku nzima bila mtu kubebwa kwenye machela. Ikawa sehemu ya malezi: mtoto akishajua kushika kikombe, anafundishwa kunywa, kujipangusa, na kujibu bado.

Kalunde, meno yake mapya yameshaota, alimuuliza mama yake siku moja wakiwa kwenye foleni, "Mama, mbona tunamdanganya bibi?"

"Shika ndoo vizuri."

"Bibi anachoka, mama. Juzi nilimsikia anapumua hivi." Akaigiza.

"Kalunde. Unataka kuharisha tena?"

"Sitaki."

"Basi shika ndoo."

Siwema aliiacha foleni yote ipite, akabaki wa mwisho, kama alivyofanya kila asubuhi. Alijaza ndoo yake. Akakinga kiganja, akanywa taratibu, akajipangusa, akangoja. Alikuwa amekwisha kujua dalili: maji yalipungua kidogo, yakawa baridi zaidi, na harufu ya mpunga ikapanda.

"Mwanangu," sauti ilisema. "Huku chini tope limetufika magotini. Wengine wanauliza kama umesahau. Nimewaambia Siwema hasahau." Ikapumua. "Mmekunywa?"

Nyuma yake mlinzi alikuwa anasikiliza, na nyuma ya mlinzi alikuwapo Bwana Msabaha, ambaye alikuja kila wiki kwa matumaini.

"Bado, mama," alisema Siwema.

Maji yaliendelea kidogo. Halafu yakasikika kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Haya," ilisema sauti. "Basi nitasimama."